Mita 11,790 za Fulana

Fulana bado ninayo. Ni ya kijani, kitambaa chepesi cha michezo, na mgongoni imeandikwa kwa herufi nyeupe: KILIMANJARO MARA MBILI, MITA 11,790. Tulichapisha kumi na mbili kwa kijana mmoja wa Msamvu, moja kwa kila mwalimu wa kundi letu la kupanda mlima, na kila mmoja alilipa yake. Ile namba niliitoa mimi. Mimi ndiye niliyekuwa natunza daftari la kundi, kwa sababu nafundisha Hisabati na wenzangu waliamini mtu wa Hisabati hawezi kukosea kujumlisha. Na kweli, kujumlisha sikukosea.

Kundi lilianza kwa ajili ya presha. Daktari alinipima, akatazama mashine, akanitazama tumbo, akasema nitembee. Kutembea Morogoro kuna namna mbili: ukizunguka mjini unatembea na bodaboda, ukielekea milimani unatembea na Waluguru. Nikachagua Waluguru. Jumamosi ya kwanza tulikuwa watatu, mwezi ulipoisha tulikuwa tisa. Tunaanzia juu ya Boma Road, tunaziacha nyumba za mwisho, tunaingia kwenye migomba na matuta ya mboga. Njia inasimama, inapumzika, inashuka kwenye kijito, inasimama tena, mpaka Morningside, lile jengo la zamani la Wajerumani lililoko yapata mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Huku tukihema tunapishana na akina mama wanaowahi soko, mabeseni ya karoti na kabichi kichwani. Wanatusalimia kwa pumzi zao zote. Mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, mnafuata nini huko juu?" Nikamjibu mazoezi. Alicheka mpaka ikabidi alishike beseni kwa mikono miwili.

Tukifika juu, kabla sijafungua chupa ya maji, nilitoa simu. Programu niliyokuwa nayo ni ya bure, na ilitoa namba tatu: umbali, muda, na jumla ya kupanda, yaani mita zote ulizoinuka tangu ulipoanza. Umbali haukunivutia. Kilomita chache zile, mtoto wa shule anazitembea kila asubuhi. Lakini hiyo ya tatu! Jumamosi ya kwanza iliandika 1,143. Iliyofuata 1,118. Iliyofuata 1,131. Niliipenda namba ile kama mtu anavyoipenda picha yake aliyopigwa akiwa kijana.

Mji uko kwenye mita 500 na ushei. Morningside iko kwenye 1,300. Swali ambalo mwanafunzi wa Kidato cha Pili angeliuliza ni hizo mita 1,100 zimetoka wapi. Mimi nilijijibu kabla sijajiuliza: ni yale mabonde, njia inashuka na kupanda. Namba ukishaipenda, unaitafutia ukoo.

Ndipo tukaweka lengo. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895, mara mbili ni 11,790, na kwa wastani wangu wa 1,130 tulihitaji Jumamosi kumi na moja tu. Hapa pia palikuwa na ujanja ambao hakuna aliyeugusa: hata huo Kilimanjaro hakuna anayeupanda kuanzia baharini. Lango la Marangu lenyewe liko kwenye mita 1,870 hivi, kwa hiyo mpandaji anainuka elfu nne na kidogo, si karibu elfu sita. Lakini fulana haina nafasi ya maelezo mengi. Jumamosi ya kumi na moja tulipiga picha, tukala nyama, na kijana wa Msamvu akalipwa.

Meru lilikuwa wazo langu. Baada ya Kilimanjaro mbili za daftarini, nilisema, tunashindwaje Meru mmoja wa kweli? Likizo ya Juni tukaenda saba. Aliyesita ni mwalimu wa Kiswahili. Alikuwa amepanda nasi Jumamosi zote kumi na moja, daima wa nyuma na daima anafika, lakini aliogopa huo urefu wa 4,562 aliousoma. Nikamfungulia daftari. Kutoka lango la Momella hadi Miriakamba ni mita elfu moja. Kutoka Miriakamba hadi kibanda cha Saddle, elfu moja na kidogo. Kutoka Saddle hadi kileleni, 992. "Kila siku ni Morningside moja," nikamwambia, "tena usiku wa kilele ni pungufu ya Morningside." Akaziangalia zile namba, akaniangalia mimi, akalipa.

Siku mbili za mwanzo zilikwenda. Tulitembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa ajili ya nyati, na askari ndiye aliyekuwa akituwekea mwendo, mwendo wa mtu anayekwenda kumjulia hali jirani. Saddle iko kwenye mita 3,570. Mpishi alituletea chai iliyotoka jikoni ikitokota, lakini ukiinywa haichomi. Mwenzangu wa Jiografia, ambaye hawezi kunyamaza panapokuwa na somo, akatueleza kwamba pale juu maji yanachemka kwenye nyuzi 88 hivi, kwa sababu kila ukipanda mita mia tatu kiwango cha kuchemka kinashuka kama nyuzi moja. Mpishi akaitikia kwamba ndiyo maana maharage huyapika nyumbani kabisa. Kisha tukasimuliwa habari za Burton na Speke. Wale Waingereza walipita Zungomero, kusini mwa Uluguru yetu, mwaka 1857, na vimo vya nchi walivipima kwa kuchemsha maji na kutazama kipimajoto. Mwaka uliofuata walifika Ziwa Tanganyika na kuandika kwamba uso wa ziwa uko futi 1,850 hivi. Leo tunajua ni mita 773, yaani zaidi ya futi 2,500. Vipimajoto vyao vilikuwa vimeshapata misukosuko ya safari. Ziwa likaandikwa chini ya mahali pake kwa zaidi ya mita mia mbili, na wakubwa kule London wakabishana miaka mingi juu ya chanzo cha Nile wakiwa wameshika namba hiyo mkononi. Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Kisha nikapanga ratiba ya usiku. Morningside tulikuwa tunaipanda kwa saa mbili na dakika arobaini. Mita 1,130 kwa muda huo ni mita mia nne na ishirini na kitu kwa saa. Kwa hiyo mita 992 ni saa mbili na dakika ishirini. Nikaongeza dakika arobaini za baridi na picha: saa tatu kamili. Jua linachomoza baada ya saa kumi na mbili, basi tuondoke saa tisa. Mwongozaji wetu alikuwa Mmeru mtaratibu, aliyekwisha kupanda mlima ule mara nyingi kiasi cha kuacha kuzihesabu. Alisema tuondoke saa saba. Nikampa simu aone hesabu. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote, akanirudishia.

"Sawa, mwalimu," akasema. "Saa saba."

Tulivutana mpaka tukakubaliana saa nane, na ninaamini alikubali kwa kuheshimu mvi zangu tu.

Jua lilituchomozea tukiwa tumepita Rhino Point, bado hatujafika Cobra Point. Kilimanjaro ilikuwa mbele yetu upande wa mashariki, imekaa juu ya mawingu, nzuri kuliko fulana yoyote, na mimi nilikuwa natazama simu. Ilisema tumeshapanda mita 1,260. Yaani kwa mujibu wa simu tulikuwa tumekipita kilele na tuko hewani. Njia ya Meru kule juu inafuata ukingo wa kreta: unashuka kidogo, unapanda, unauzunguka mwamba, unashuka tena, na kushoto kwako kuna ukuta wa mita elfu moja na mia tano kwenda chini. Mwalimu wa Kiswahili alifika Cobra Point saa mbili asubuhi, akakaa juu ya jiwe, akavua glavu, akazivaa tena.

"Mwalimu," akaniambia, "si ulisema ni Morningside?"

Akateremka na msaidizi wa mwongozaji. Sisi wengine tulifika kileleni saa tatu na nusu.

Nisiuonee upande mmoja. Kule juu hewa ina mgandamizo usiofika asilimia 60 ya ule wa baharini, na mtu wa Morogoro hata angekuwa na daftari safi namna gani angehema. Lakini nilipokaa Saddle kusubiri supu nilirudia hesabu kwa namba nyingine. Mwenzangu wa Jiografia wiki ile alikuwa amenunua saa ya mkononi yenye barometa ndani yake. Kutoka Saddle hadi kileleni ilikuwa imeandika 1,140: zile 992 pamoja na mashimo ya ukingoni. Simu yangu kwa njia hiyohiyo, miguu hiyohiyo, ilikuwa imeandika 1,870. Wote wawili hatukuongea mpaka supu ikaisha.

Jumapili baada ya kurudi niliiweka simu mezani barazani, karibu na chupa ya chai, nikabonyeza kitufe cha kuanza, nikaenda kusahihisha mitihani. Mke wangu alipita mara mbili akiuliza inachaji nini. Baada ya saa mbili nilikuta simu imepanda mita 164. Haikuwa imesogea hata kidole. Mduara wa chupa ya chai ulikuwa bado uko pale pembeni yake. Saa mbili ni sekunde 7,200, na programu ile iliandika kimo kila sekunde. Mita 164 ukizigawa ni sentimita mbili na kidogo kwa kila sekunde. Sentimita mbili! Hata ningeambiwa simu yangu inakosea kwa sentimita mbili ningemshukuru aliyeitengeneza.

Jumatatu nikalipeleka ubaoni, Kidato cha Pili. Hisabati tunaifundisha kwa Kiingereza, lakini ubishi wa maana hutokea kwa Kiswahili. Niliandika vimo saba vya simu iliyolala juu ya meza: 500, 502, 499, 501, 500, 503, 500. Nikawaambia wajumlishe za kupanda peke yake. Mbili, mbili na tatu: saba. Simu imeanza kwenye 500, imeishia kwenye 500, na imepanda mita saba.

"Sasa kwa nini usizitoe za kushuka?" akauliza mmoja.

Nikamwambia azitoe. Akapata sifuri. Nikamwambia sasa afanye hivyo kwa mtu aliyepanda Morningside na kurudi nyumbani. Akapata sifuri tena, akakaa.

Binti mmoja wa nyuma, ambaye mara nyingi hunyoosha mkono kuomba ruhusa ya kutoka, akasema tusihesabu vidogo. Chochote kisichofika mita tano kihesabiwe kuwa ni mtikisiko. Tukajaribu: simu ya mezani ikapata sifuri, darasa likapiga makofi. Nilikuwa nimeshageuka kufuta ubao niliposikia kijana wa dirishani. "Mwalimu, ngazi za maktaba ni kama mita tatu. Nikizipanda na kuzishuka mara mia, nimepanda au sijapanda?"

Amepanda mita mia tatu, na kwa kanuni ya mita tano hajapanda hata moja. Tukashusha kizingiti hadi mbili: ngazi zikarudi, na baadhi ya mitikisiko ikarudi nazo. Tukapandisha hadi nne. Kwa nini nne na si tatu na nusu? Kengele ililia watu wamesimama. Nimefundisha miaka kumi na tisa na sikumbuki kipindi kingine kilichoisha hivyo.

Kwenye meza ile na ubao ule ndipo nilipoliona kosa langu vizuri. Vipimo vingi vikitikisika, tunazoea kusema vitafutana: hiki kimezidi, kile kimepungua, wastani unabaki salama. Jumla ya kupanda haina huruma hiyo. Mtikisiko wa juu inauandika, wa chini inautupa, kwa hiyo kila kosa linaingia likiwa faida. Na kosa lisilotikisika halina neno kabisa! GPS yenyewe haiijui bahari. Inapima kimo kutoka kwenye umbo la duaradufu la kihisabati linaloitwa WGS84. Bahari ya kweli inafuata uvutano wa dunia, na huku kwetu iko chini ya umbo hilo, pwani ya Dar es Salaam kwa zaidi ya mita 20. Ndiyo maana mwaka mmoja nikila mihogo Coco Beach simu iliniambia niko mita 26 chini ya bahari, nami nikaitukana. Kumbe kwa mpanda mlima kosa lile si kitu. Ukikosea mita 26 ukiwa bondeni na mita 26 zilezile ukiwa kileleni, ukitoa unapata kimo sahihi cha kupanda. Kinachokuangusha ni kile cha sentimita mbili kinachochezacheza.

Kwa nini kimo kinacheza kuliko mahali? Kwa sababu setilaiti zote ziko juu yako, kilomita elfu ishirini na kitu. Za mashariki zinasahihishana na za magharibi, za kaskazini na za kusini. Ila hakuna iliyo chini ya nyayo zako, dunia imeziba. Ni kama kumpima mtu urefu ukiwa umekaa darini, kamba zote zinatoka juu. Ndani ya bonde au chini ya miti mikubwa, mawimbi yanapogonga miamba na kuchelewa, mambo yanazidi.

Watengenezaji wanalijua hili kuliko mimi, na kila mmoja ana kizingiti chake, kama darasa langu. Strava, kwa mfano, katika maelezo yake inasema kwa kumbukumbu zisizo na barometa kupanda lazima kuendelee kuzidi mita 10 ndipo kuhesabiwe, na kwa zenye barometa, mita 2. Programu yangu ya bure, nadhani, ilikuwa haina kizingiti chochote. Ilikuwa inaokota kila kitu, kama mtu anayefagia na kuhesabu vumbi.

Basi jibu ni barometa? Mwenzangu aliniazima saa yake kwa wiki, akijua nitairudisha na kasoro zake. Barometa inapima mgandamizo wa hewa, ambao karibu na usawa wa bahari unapungua kwa hektopaskali moja kila ukipanda mita nane au tisa hivi. Haihitaji setilaiti, haijali miti, na kwa vipande vidogo vya njia ni makini sana. Niliiweka mezani mahali palepale. Saa nne asubuhi ilisoma 512. Nilipotoka shuleni, saa kumi jioni, ilisoma 541. Saa ya mwenzangu ilikuwa imepanda mita 29 bila kukurupuka, polepole, kama mtu mzima.

Hiyo haikuwa hitilafu. Hewa ya nchi za joto ina maji kujaa na maji kupwa yake, kama bahari ya Tanga. Mgandamizo unafika juu kabisa karibu na saa nne, asubuhi na usiku, na unashuka chini kabisa karibu na saa kumi, jioni na alfajiri. Ulaya dhoruba zinaufunika mwendo huu, lakini kwetu uko wazi kila siku. Alexander von Humboldt alipokuwa Amerika ya Kusini aliuona umenyooka kiasi kwamba mtu angeweza kuutumia kujua saa. Nami nilifurahi kwa namna ya kipekee kwamba hewa nayo inakwenda kwa saa za Kiswahili, nne na kumi, nne na kumi. Lakini maana yake kwa daftari ni hii: sisi tunapanda kati ya saa moja na saa nne, hewa ikijaa, kwa hiyo barometa inatupunja mita kadhaa. Wanaopanda mchana inawazidishia. Na jasho likiziba kile kitundu cha ubavuni, inaruka yenyewe, juu na chini, mpaka uifute.

Nikajaribu njia ya tatu, ya kompyuta: unakitupa kimo cha simu na kuchukua kile cha ramani ya dunia iliyopigwa kwa rada kutoka chombo cha anga za juu Endeavour mwezi Februari 2000, siku kumi na moja za kuzunguka, miraba ya mita 30 kwa 30. Kwa Morningside ilinipa 812. Kwa ukingo wa Meru ilikuwa kichekesho. Mita 30 kwenye ukingo ule ni njia na genge kwa pamoja, na nukta ya simu ikiteleza mita kumi kuelekea kushoto, kompyuta inakuandika umeanguka. Ilinishusha ndani ya kreta mara nne na mara nne ikanipandisha, mzima wa afya.

Mwisho mwenzangu wa Jiografia alitandaza ramani ya 1:50,000 juu ya meza ya ofisi ya walimu, ileile wanayofundishia kusoma ramani, akafuata njia yetu kwa ncha ya penseli akihesabu kontua. Kutoka tunapoanzia hadi tunapoishia, mita 680 hivi. "Na kijito?" nikamuuliza. Kijito hakionekani, shimo lake ni dogo kuliko nafasi kati ya mstari na mstari. Ramani nayo ina kizingiti, ila chake kimechapishwa pembeni na serikali. Jumamosi iliyofuata tulipanda na vyombo vyote viwili. Simu: 1,127. Saa: 745. Kati ya 680 isiyokiona kijito na 745 iliyokiona, nikaona nimefika karibu na ukweli kadiri ninavyoweza bila kubeba ngazi na uzi. Mara kumi na moja, 8,195. Kilimanjaro moja, na ya pili tuliishia mita 2,300, hata Mandara hatujafika.

Mlima wenyewe, nikumbushe, haujawahi kutulia kwenye namba moja. Wajerumani waliuandika 6,010. Upimaji wa 1952 ukatoa 5,895. GPS ya 1999 ikatoa 5,892.55, na ile ya 2008 ikashuka chini kidogo ya 5,892. Waliopima hizo za mwisho walikuwa na vyombo vya maana, walikaa kileleni na kusubiri, na bado walibishana kuhusu bahari ianzie wapi. Mimi nilikuwa na simu mfukoni, inagongana na funguo.

Ilibidi nimwambie mwalimu wa Kiswahili. Nilimfuata kwenye meza yake wakati wa mapumziko na karatasi ya grafu mbili. Alikuwa anasahihisha insha. Nikamweleza setilaiti, nikamweleza kizingiti, nikamweleza hewa kujaa na kupwa. Hakuinua kalamu.

"Kwa hiyo," akasema, "kila Jumamosi nilikuwa nafanya theluthi mbili, na wewe unaniandikia nzima."

"Karibu hivyo."

"Na kwa mwendo wetu wa kweli, usiku ule wa Meru ungekuwa wa saa ngapi?"

"Saa nne. Kabla ya kuuhesabu upungufu wa hewa."

"Mwongozaji alisema saa saba," akasema, akamwekea mtoto wa watu alama kumi na nne kwa ishirini.

Jumamosi alikuja Boma Road amevaa ile fulana. Mgongoni alikuwa amepitisha mstari mwekundu juu ya 11,790, mstari mmoja ulionyooka kwa rula, na chini yake ameandika kwa mwandiko wa ubaoni: Masahihisho: 8,195. Tulicheka wote, mimi nikiwa wa mwisho. Safari hii yeye ndiye aliyetangulia na mimi nikawa nyuma yake njia nzima, nikiwa sina pa kutazama ila mgongo wake. Tulipofika kwenye kijito jasho lilikuwa limeshaanza kazi. Wino mwekundu ulikuwa unatiririka kuelekea kiunoni, ile 8 imekuwa doa, 195 haisomeki, na juu yake, kwa rangi ya kiwandani, 11,790 ilikuwa inang'aa vilevile.